Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia Mwanzoni mwa Majira ya Kuchipua, Mto Bitterroot, Montana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Missoula, Hamilton na miji ya jirani magharibi mwa Montana, Marekani, na kwa wageni wanaotaka kufika huko kati ya Machi na mwisho wa Aprili. Kuanzia 2016 familia kutoka Kongo zilipokelewa Missoula, na baadhi yao ni watu waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, watu wanaojua samaki. Uvuvi wa huku una taratibu zake, na mwezi Machi una taratibu zake peke yake. Maswali mengi hapa yanauhusu Mto Bitterroot kwa sababu ndio unaoamka mapema kuliko mito mingine ya karibu.

Machi bado kuna theluji milimani. Kweli samaki wanakula?

Wanakula, ila kwa saa chache. Trauti hana joto lake mwenyewe: mwili wake unafuata joto la maji. Maji yakiwa chini ya nyuzi 40 za Fahrenheit (kama 4 za Selsiasi) mwili unafanya kazi polepole, chakula kinachukua muda mrefu kusagika tumboni, na samaki hana sababu ya kuhangaika. Anatulia chini, mahali ambapo mkondo haumsukumi. Maji yakipanda kufika nyuzi 42 hadi 45 (kama 5.5 hadi 7 za Selsiasi) hali hubadilika. Wadudu waliokuwa wamejificha chini ya mawe huanza kutembea, na samaki huwafuata.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua ni kipimajoto cha maji. Nalisema hili kabla ya fimbo na kabla ya nzi bandia (ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu), kwa sababu naona watu wakitumia fedha nyingi kwa vifaa na kisha kuvua asubuhi nzima kwenye maji yasiyo na samaki mwenye njaa. Funga kipimajoto kwa uzi, kizamishe dakika moja au mbili mahali penye kivuli, soma. Ukiona 38, kunywa chai. Ukiona 43 na jua bado linapanda, jiandae.

Niende saa ngapi? Nyumbani tulizoea kuingia majini kabla ya alfajiri.

Mwezi Machi alfajiri ni wakati mbaya kuliko yote. Usiku baridi imeshuka chini ya kiwango cha kuganda, mto umepoa, na mshipi wako utaganda kwenye vishikizo vya fimbo. Fika saa nne au saa tano asubuhi, tembea, tazama maji. Uvuvi wenyewe huwa kati ya saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, na kilele mara nyingi ni saa nane hadi saa kumi.

Hii ni habari njema kwa wanaofanya kazi za usiku au wenye watoto wa kupeleka shule. Msimu huu haumdai mtu usingizi wake. Unachodai ni kwamba ukipata siku tatu mfululizo zenye joto la wastani na usiku usioganda sana, uache mengine uende, maana wiki inayofuata huenda ikaleta theluji.

Siku za mawingu zisikuvunje moyo. Siku yenye mawingu mazito na manyunyu, isiyo na upepo, ndiyo huleta wadudu wadogo wa jamii ya Baetis kwa wingi zaidi kuliko siku ya jua kali.

Skwala ni nini, na kwa nini kila mtu dukani anamtaja?

Skwala ni mdudu wa jamii ya wadudu wa mawe. Maisha yake karibu yote ni majini akiwa tunutu, akitambaa kati ya mawe ya sakafu ya mto. Mwezi Machi, maji yakianza kupata joto, matunutu hutembea kuelekea kingoni, hutoka majini na kupanda juu ya mawe, magogo na nyasi. Hapo hujivua gamba na kuwa mdudu kamili, rangi ya zeituni iliyochanganyika na kahawia, mrefu kiasi cha sentimita mbili hivi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaielewi. Mdudu huyu hatoki katikati ya mto na kuruka juu ya maji. Anatokea nchi kavu. Dume ana mabawa mafupi na hawezi kuruka. Hubaki akitambaa chini ya mawe ya kingo. Anayerudi mtoni ni jike, mchana kukiwa na joto, kuja kutaga mayai. Hubeba fungu la mayai jeusi mwishoni mwa tumbo, hugusa maji, na mara nyingi hubaki akielea chinichini, mwili ukiwa umezama nusu. Huyo ndiye trauti anayemsubiri. Kwa hiyo nzi wako bandia wa Skwala asielee juu sana. Akae chini, tumbo ndani ya maji, kichwa na mabawa tu vikionekana. Ukubwa wa ndoana ni namba 8 au 10 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo).

Pia usitarajie wingu la wadudu. Ukiwaona wawili watatu wanapita juu ya maji kwa saa nzima, hiyo ni siku nzuri ya Skwala. Geuza mawe makavu ya ukingoni: ukikuta madume yanakimbia au magamba matupu yameshika jiwe, samaki wa sehemu hiyo wameshaanza kuwajua. Msimu wake kwenye Bitterroot ni kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Aprili, mapema au baadaye kidogo kulingana na mwaka.

Thamani yake ni hii: baada ya miezi ya baridi ambapo trauti amekula vijidudu vidogo tu, Skwala ni mlo wa kwanza mkubwa unaopita juu ya maji. Samaki wakubwa ambao Julai hawapandi juu kirahisi, Machi hupanda.

Kuna wadudu gani wengine?

Wapo wadudu wadogo weusi wa mawe wanaotokea hata kabla ya Skwala. Mwishoni mwa Machi na Aprili huja mdudu wa kahawia anayefahamika kwa wavuvi wa hapa kama March Brown, mabawa yamesimama wima kama tanga la ngalawa; ndoana namba 14. Baetis ni wadogo zaidi, namba 16 hadi 20. Usubi wa maji wapo mwaka mzima, na siku ambayo mengine yote yamekwama, usubi namba 20 kwenye maji yaliyotulia anaweza kukuokoa.

Ukiwa huna uhakika, nzi bandia aitwaye Parachute Adams, namba 14 au 16, anafanana na wengi wao kiasi cha kutosha.

Samaki wanakaa sehemu gani ya mto?

Sahau picha ya kiangazi, ambapo trauti husimama kwenye maporomoko yenye povu. Wakati huu anatafuta maji ya polepole yenye kina cha goti hadi kiuno, karibu na mkondo unaopitisha chakula. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni mpaka kati ya maji ya kasi na maji ya polepole. Utauona kwa macho: mstari wa mapovu, upande mmoja unakimbia, mwingine unatembea. Samaki hukaa upande unaotembea na kuchukua kinachopita upande wa pili.

La pili ni kingo zenye mawe makubwa, hasa kingo zinazopigwa na jua la mchana. Skwala hutambaa hapo, na jua huongeza joto la maji ya pembeni kwa nyuzi moja au mbili. Mtu anayeingia mtoni moja kwa moja hadi kiunoni amewakanyaga samaki wake. Simama nchi kavu kwanza, vua maji yaliyo mbele ya miguu yako, kisha ndipo uingie.

La tatu ni mwisho wa vilindi, pale sakafu inapoanza kupanda na maji kuwa laini. Samaki waliopitisha baridi katikati ya kilindi husogea hapo mchana kula.

Bitterroot unabadilisha njia yake kila mwaka. Hukata kingo, hufungua mifereji mipya, huangusha miti ya mipopla. Mifereji ya pembeni inayoonekana midogo mno mara nyingi ina samaki, na wavuvi wa mashua huipita bila kusimama. Mvuvi wa miguu asiyekuwa na mashua asijione ameachwa nyuma mwezi Machi.

Ninahitaji vifaa gani kuanza?

Fimbo ya futi 9, uzito namba 5, na rili yenye mshipi unaoelea. Hiyo moja inatosha kwa mto wote. Mbele ya mshipi unafunga uzi mwembamba unaopungua unene, futi 9, na mwisho wake uzi wa 4X kwa nzi wakubwa au 5X kwa wadogo. Nzi: Skwala wa juu ya maji wa aina mbili tatu, Pat's Rubber Legs kwa ajili ya tunutu wake, Pheasant Tail namba 16, na Parachute Adams.

Njia inayofaa kwa anayeanza ni kufunga nzi wawili. Wa juu ni Skwala anayeelea. Kwenye pindo la ndoana yake unafunga uzi wa futi mbili hivi na mwisho wake tunutu mdogo anayezama. Nzi wa juu akizama ghafla au akisita, inua fimbo. Hivyo unavua ghorofa mbili za mto kwa pamoja.

Ovaroli isiyopenya maji ni lazima, si anasa. Kwa nguo za ndani, vaa sufu au nailoni nene. Pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Soko la mitumba la Missoula huwa na vifaa vizuri kwa bei nafuu, hasa mwishoni mwa baridi watu wanapopunguza vitu gereji.

Sijui kurusha. Nitachukua muda gani kujifunza?

Samaki wengi wa Machi wako ndani ya futi 30 kutoka uliposimama. Hivyo usihangaike na mirusho mirefu unayoona kwenye video. Jifunze kurusha futi 25 kwa usahihi, uwanjani, juu ya nyasi, na uzi wa sufu badala ya ndoana.

Kilicho kigumu zaidi kuliko kurusha ni kumwacha nzi aelee bila kukokotwa. Mikondo kati yako na nzi ina kasi tofauti. Mshipi ukivutwa, nzi naye anaanza kuteleza juu ya maji kwa namna ambayo mdudu wa kweli hafanyi, na trauti anakataa. Mara tu mshipi ukigusa maji, inua sehemu yake ya katikati kwa ncha ya fimbo na uiweke upande wa juu wa mto. Rudia kila inapohitajika. Mwenye mrusho mbaya lakini anayejua kutunza mshipi wake juu ya maji atapata samaki kuliko mwenye mrusho mzuri asiyejali.

Na samaki akipanda, subiri. Kathroti, trauti wa asili wa huku, hufungua mdomo polepole, huchukua nzi, hushuka. Ukinyanyua fimbo unapoona pua, unamnyang'anya nzi kabla hajaufunga mdomo. Mwache ageuze kichwa chini, ndipo uinue.

Nilikuwa mvuvi Tanganyika, kwa wavu na taa usiku. Kwa nini hapa nisitumie wavu?

Trauti wa mito hii huvuliwa kwa fimbo, mshipi na ndoana tu. Kumvua kwa wavu ni kosa la jinai. Wavu unaoruhusiwa ni ule mdogo wa mkono wa kumpokelea samaki aliyekwisha kunasa.

Sababu yake inaeleweka vizuri na mtu aliyewahi kuvua ndagala au mikebuka. Tanganyika ni bahari ya maji baridi, na ndagala huzaana haraka na kwa wingi. Mto wa milimani una chakula kidogo, msimu wa kukua ni mfupi, na trauti wa inchi 16 huenda ana miaka minne au mitano. Isitoshe, Montana iliacha kupandikiza trauti wa vifaranga kwenye mito yake katika miaka ya 1970, baada ya utafiti kuonyesha kwamba samaki wa kufugwa walikuwa wakiwapunguza wa asili. Kila trauti unayemwona Bitterroot amezaliwa mtoni. Akiondolewa, hakuna gari litakalokuja kumwaga mwingine.

Ujuzi ulionao hata hivyo haupotei. Mtu anayejua kusoma upepo, rangi ya maji na mwendo wa ndege ana mwanzo mzuri kuliko aliyeanzia dukani.

Leseni inapatikanaje?

Kupitia idara ya samaki, wanyamapori na hifadhi za Montana, mtandaoni au kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi na baadhi ya maduka makubwa. Unalipia kwanza leseni ya uhifadhi, kisha ya uvuvi. Mwaka wa leseni huanza Machi 1 na kuisha mwisho wa Februari. Angalia hilo kwa makini: leseni uliyonunua kiangazi kilichopita imekufa siku chache tu kabla ya Skwala kuanza.

Bei ya mkazi na bei ya mgeni zimeachana sana. Ili uhesabiwe mkazi unatakiwa uwe umeishi Montana siku 180 mfululizo. Ikiwa umefika Novemba, ni busara kusubiri itimie kuliko kujaza fomu kwa uongo, maana hilo nalo ni kosa. Watoto wakazi wenye miaka 11 kushuka chini hawahitaji leseni, ila kanuni nyingine zote zinawahusu. Ukivuka kuingia eneo la Flathead la makabila ya Salish na Kootenai, kaskazini mwa Missoula, unahitaji kibali cha makabila hayo.

Kijitabu cha kanuni ni bure. Kisome sehemu kwa sehemu, kwa sababu mto mmoja unaweza kuwa na kanuni tatu tofauti, na zile za kabla ya Jumamosi ya tatu ya Mei ni kali zaidi. Kama Kiingereza kinakupa shida, nenda na mwanao anayesoma shule au mwulize mtu dukani akuonyeshe ukurasa wa sehemu unayokwenda. Hakuna aibu katika hilo.

Nikikuta uzio au bango la "mali binafsi", nifanye nini?

Montana ina sheria nzuri, iliyopitishwa 1985 kufuatia hukumu za mahakama kuu ya jimbo mwaka uliotangulia. Umma una haki ya kutumia mito ndani ya alama ya kawaida ya maji makuu, yaani mstari ambao maji huuacha ukingoni mto ukijaa kama kawaida, hata pale ambapo mashamba ya pande zote mbili ni ya mtu binafsi. Maana yake: ukiingia mtoni kwa njia halali, yaani kwenye maegesho ya umma ya uvuvi au kwenye daraja la barabara ya umma, unaweza kutembea ndani ya mto au kwenye kokoto za ukingoni mbali utakavyo. Huwezi kukatisha shamba la mtu kufika mtoni au kutoka.

Najua wengi wetu tunaogopa kusimama mahali ambapo mtu anaweza kutuuliza tunafanya nini. Haki hii ni yako sawasawa na ya mtu aliyezaliwa Hamilton. Beba leseni, baki chini ya alama ya maji, salimia kwa heshima.

Kuna samaki gani, na yupi naweza kumla?

Wenyeji ni kathroti wa magharibi, buli trauti na samaki mweupe wa milimani. Trauti wa upinde wa mvua na trauti wa kahawia waliletwa, huyu wa mwisho kutoka Ulaya. Kathroti utamjua kwa alama nyekundu au ya machungwa chini ya taya. Jina lake la kisayansi, Oncorhynchus clarkii lewisi, linabeba majina ya Lewis na Clark, wapelelezi wa Marekani ambao msafara wao ulimwandika kwa mara ya kwanza Juni 1805 kwenye maporomoko ya Mto Missouri, na Septemba mwaka huo ukapita bonde hili la Bitterroot na kupokewa na Wasalish. Wasalish walikuwa wakila samaki hawa na mizizi ya bonde hili vizazi na vizazi. Mwaka 1891 waliondolewa na kupelekwa Flathead. Ni vema mtu anayevua hapa, hasa aliyewahi naye kuondolewa kwao, alijue hilo.

Buli trauti analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1998. Ana madoa meupe au ya njano juu ya mwili wa kijani iliyokoza, na pezi lake la mgongoni halina doa jeusi hata moja. Kumlenga ni marufuku, na ukimpata kwa bahati mbaya mrudishe bila kumtoa majini.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua trauti wengi wa mto huu hurudishwa, iwe ni kwa kanuni au kwa desturi. Anayetaka kitoweo amwangalie samaki mweupe wa milimani, ambaye kanuni zinamruhusu kwa ukarimu zaidi. Wengi wa hapa humdharau. Akitiwa moshi, au akikaangwa mkavu na kuwekwa pilipili na ndimu pembeni ya ugali, ni samaki mzuri kabisa. Kwa Mto Clark Fork chini ya Missoula, soma maonyo rasmi ya afya kabla ya kula chochote.

Unapomrudisha trauti: bana kinundu cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza kuvua, lowesha mikono, usimshike kwenye matamvua, usimlaze kwenye theluji kwa ajili ya picha. Hewa iliyo chini ya kiwango cha kuganda huumiza matamvua mara moja. Mwache ndani ya wavu, majini, toa ndoana, mshike akitazama juu ya mto hadi aondoke mwenyewe.

Nimeona sehemu ya changarawe safi inayong'aa kuliko sakafu ya jirani. Ni nini?

Ni kitanda cha mayai. Trauti wa upinde wa mvua na kathroti hutaga majira haya. Jike hupiga mkia kuchimba, na changarawe iliyogeuzwa hubaki safi bila utelezi. Trauti wa kahawia walitaga vuli iliyopita, na vifaranga vyao huenda bado viko kati ya mawe. Unyayo mmoja unaua mamia. Zunguka kwa mbali, na usirushe nzi kwa samaki wawili wanaoonekana pamoja juu yake, hata wawe wakubwa namna gani.

Nitajuaje hali ya mto kabla ya kutoka nyumbani?

Idara ya jiolojia ya Marekani ina kipimo karibu na Darby, na takwimu zake ziko mtandaoni bure. Huonyesha wingi wa maji kwa futi za ujazo kwa sekunde. Usiangalie namba peke yake, angalia mstari wa grafu wa siku chache. Ukipanda kwa kasi, maji yana tope na ubaridi wa theluji iliyoyeyuka, na samaki wamejibana chini. Ukiwa umenyooka, vizuri. Ukiwa unashuka baada ya kupanda, acha ulichokuwa unafanya: maji yanasafika, wadudu waliosombwa bado wanapita, na samaki wana njaa ya siku walizokaa bila kula.

Rangi ya kijani inayokuruhusu kuona viatu vyako ukiwa umesimama kwenye maji ya goti inatosha. Rangi ya chai ya maziwa, rudi nyumbani.

Hatari ni zipi?

Ubaridi wa maji ndio wa kwanza. Mtu akitumbukia kwenye maji ya nyuzi 40, pumzi ya kwanza humtoka na kumrudia bila hiari yake, na ikiwa kichwa kiko chini anavuta maji. Mikono hupoteza nguvu ndani ya dakika chache. Funga mkanda wa ovaroli kiunoni kwa nguvu ili maji yasijae, tumia mkongojo, usivuke mahali usipoona sakafu. Ukiangushwa, lala chali, miguu ikitangulia chini ya mto, jisukume kuelekea kingoni. Acha nguo kavu kwenye gari. Usiende peke yako mwaka wako wa kwanza.

Magogo ni hatari ya pili, hasa Bitterroot. Miti iliyoanguka hupitisha maji na kumzuia mtu, na mkondo humbana hapo. Waliokodi mashua ya kupuliza bila mwongozaji, Aprili, kwenye sehemu ya mto wasiyoijua, wanacheza na maisha yao.

Kisha kupe. Bonde hili lina historia nao: homa ya madoa ya Rocky Mountain iliua watu wengi upande wa magharibi wa mto mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1906 Howard Ricketts alionyesha kwamba kupe ndio wanaoieneza. Maabara ya Rocky Mountain iliyopo Hamilton ilitokana na kazi hiyo, na ni huko huko ambako Willy Burgdorfer alimtambua bakteria wa ugonjwa wa Lyme mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kupe huanza kutembea Machi, kwenye nyasi kavu zilezile unazopita kwenda mtoni. Jikague jioni, kichwani na makwapani, kagua na watoto. Ukipata homa na maumivu makali ya kichwa siku chache baadaye, nenda hospitali na utaje kupe. Dawa ipo na hufanya kazi ikianza mapema.

Dubu nao hutoka usingizini wakati huu. Ongea kwa sauti vichakani na beba kopo la dawa ya kuwafukuza.

Je, naweza kuvua trauti nikiwa likizo Kenya?

Ndiyo. Trauti waliwekwa Mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, kazi iliyoongozwa na Ewart Grogan, na trauti wa upinde wa mvua wakafuata miaka michache baadaye kutoka Afrika Kusini. Kituo cha kuzalisha vifaranga cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa 1948. Hadi leo Gura, Thiba, Naro Moru na mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya ina samaki hao. Huko hakuna kuchipua wala theluji ya kuyeyuka mtoni. Kinachotawala ni mvua. Nenda Januari na Februari, au baada ya masika maji yakishasafika. Fimbo yako ya Bitterroot itafaa, ingawa vichaka vya Aberdare vinataka fupi zaidi.

Msimu huu unaisha lini?

Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, joto likishika milimani usiku na mchana, theluji yote inaanza kushuka kwa pamoja. Mto unaweza kuongezeka mara kumi kuliko ulivyokuwa baridi ilipokuwa kali, na hukaa hivyo hadi katikati ya Juni au zaidi. Katika kipindi hicho wavuvi wa Missoula huendesha saa mbili hivi kwenda Craig, kwenye Mto Missouri chini ya bwawa la Holter, ambako maji hutoka bwawani yakiwa safi. Wengine huenda kwenye maziwa madogo. Skwala wa mwisho huonekana Bitterroot siku zilezile maji yanapoanza kugeuka kahawia, kwa hiyo angalia kipimo cha Darby kila asubuhi wiki ya tatu ya Aprili, na ukiona mstari umelala kwa siku mbili, omba ruhusa kazini.